Wasomaji Wauliza: Wachoraji Wetu wa Leo Tutawapata Wapi?

Mwezi uliopita safu hii iliwaalika wasomaji walete maswali kuhusu uchoraji wa siku hizi. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na kwa kuwa nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, nimechagua chache, nikazifupisha pale ilipobidi na kuacha majina ya walioziandika.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni keshia katika duka la dawa, ninaishi Tabata, na nilihamia Dar es Salaam kutoka Songea miaka mitatu iliyopita. Napenda picha tangu shule ya msingi, lakini ninazoziona ni zile za kwenye kalenda na za wachuuzi wa barabarani. Nasikia kuna wachoraji wa kisasa na maonyesho mapya, ila sijui hufanyika wapi, tena naogopa kwamba mlangoni nitaulizwa nimekuja kununua nini. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Hofu ya mlangoni naijua, maana ilinipata hata mimi. Miaka mingi iliyopita nilifika kwenye ufunguzi wa maonyesho katika galeri moja ambayo sitaitaja, mvua imenyesha, nimevaa kandambili na suruali nimeikunja hadi magotini, na mlinzi akaniuliza mzigo ninaouleta ni wa nani. Nikamjibu kwamba sina mzigo, nimekuja kutazama picha. Alinikagua kutoka juu hadi chini, akafungua geti, na huko ndani hakuna aliyenisemesha. Tangu siku hiyo kila nikimwona mlinzi wa mahali pa sanaa humkumbuka George Lilanga, Mmakonde aliyefika Dar es Salaam miaka ya 1970 na kupata kazi ya ulinzi wa usiku pale Nyumba ya Sanaa kwa msaada wa mjomba wake aliyekuwa mchongaji, kisha akaanza mwenyewe kuchonga na kuchora yale mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yaliyofutuka, ambayo hadi anafariki mwaka 2005 yalikuwa yamekwisha kuonyeshwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo ukifika getini, msalimie mlinzi kama unavyomsalimia mwenye nyumba, useme umekuja kutazama, na uingie.

Ningekushauri uanzie Nafasi Art Space, Mikocheni B, katika eneo la viwanda vidogo. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 2008, na studio zake nyingi ni makontena ya meli yaliyotobolewa milango na madirisha, kila moja likiwa na mchoraji au mchongaji wake. Usiende saa nane mchana wa jua kali ukitarajia kuwakuta wote ndani, kwa sababu kontena ni bati na bati halina huruma. Nenda jioni kazi inapopamba moto na hewa imetulia. Utakuta makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa brashi, turubai, yaani vitambaa vya kuchorea, zilizogeuziwa ukutani kama watoto walioadhibiwa, na sakafu ambayo ukiitazama kwa makini unaweza kusoma rangi zote zilizotumika mwaka mzima. Mlango ukiwa wazi, piga hodi. Ukiwa umefungwa, mwache mtu afanye kazi yake.

Sasa usikie jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kujifunza. Ukisimama mbele ya picha na mwenye kuichora yuko pembeni yako, usimuulize maana yake. Swali hilo humlazimisha aanze hotuba, na hotuba za wachoraji wengi, Mungu anisamehe, hazifikii picha zao. Muulize alianza na rangi gani, au ni sehemu gani ilimsumbua hadi akaifuta. Nilimuuliza hivyo kijana mmoja aliyekuwa amechora wanawake watano wakisubiri daladala, naye akanionyesha kwa ncha ya kidole kwamba chini ya gauni la kijani la mwanamke wa tatu kulikuwa na mwanamume, akamfunika kwa sababu alikuwa anaharibu foleni. Ukiinamia turubai ukiwa upande wa dirisha, ukingo wa bega lake bado unaonekana, umevimba kidogo chini ya kijani. Maelezo ya ukutani yasingekuambia hayo hata kama yangekuwa na kurasa kumi.

Jioni ya ufunguzi ndiyo siku rahisi kuliko zote kwa mtu mgeni. Mara nyingi hakuna kiingilio, msanii mwenyewe yupo, hutolewa vinywaji, na mtu anayetembea peke yake akitazama picha hashangazi mtu. Mezani huwa kuna karatasi yenye orodha ya picha, vipimo vyake na bei. Bei zisikutishe, kwa kuwa hazikuhusu isipokuwa umeamua zikuhusu, na ukiona kidoti chekundu kando ya picha ujue imekwisha kununuliwa. Ubaya wa ufunguzi ni kwamba watu hutazamana wao kwa wao kuliko wanavyotazama picha. Kwa hiyo urudi siku nyingine, Jumanne au Jumatano asubuhi ukiwa na zamu ya mchana, uchague picha tatu tu na kuzipa dakika kumi kila moja. Kumbi nyingine za kufuatilia ni Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, pamoja na vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikiwapa wachoraji wetu kuta pale ambapo sisi wenyewe tulikuwa tumewanyima.

Na la mwisho kwako, nunua daftari. Kila unapopenda picha, andika jina la aliyeichora, halafu umfuate huyo mtu kuliko kulifuata jengo, kwa sababu galeri hufungwa na kuhama, lakini mchoraji hubaki na mkono wake. Chukua mfano wa Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991. Hakusomea uchoraji, alikuwa akifanya kazi ya benki hadi alipoiacha mwaka 2018 ili achore. Huwachora wanawake weusi kwa rangi ya akriliki, ngozi zao zikiwa na kila kivuli na kila mng'ao, huku nguo zao akiziachia weupe wa turubai yenyewe, hata jicho lako ndilo linalolazimika kukamilisha mkunjo wa gauni ambao brashi haikuugusa. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika mwaka 2021 katika Afriart Gallery, jijini Kampala. Aliyekuwa akingoja tangazo la Dar es Salaam yalimpita, lakini aliyekuwa akimfuata yeye mwenyewe katika Instagram alijua mapema. Siku hizi mwaliko hauji kwa kadi, huja kwa simu, na kila mchoraji utakayemfuata atakufungulia mlango wa wenzake, kwa sababu wachoraji hufuatana wao kwa wao kuliko watu wa fani yoyote ninayoijua.

Assalaam alaykum, Mwalimu. Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Wageni huniuliza kama picha za Tingatinga ni sanaa au ni biashara tu, na mimi nashindwa kujibu, maana kila duka ninalopita naona tembo wale wale chini ya Mlima Kilimanjaro ule ule. Unasemaje?

Waalaykum salaam. Wajibu wageni wako kwamba ni vyote viwili, tena tangu siku ya kwanza, na kwamba aliyeanzisha hakuona haya.

Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama walivyokuja wengine, akafanya kazi za nyumbani na za vibarua, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora kwa kutumia vitu vilivyokuwa karibu na mkono wake, yaani vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Vipande hivyo vilikuwa vya mraba, kiasi cha sentimita 60 kila upande, na juu yake aliweka mnyama mmoja au ndege mmoja, wakati mwingine mti, mbele ya rangi moja tulivu isiyo na mlima wala machweo. Picha ziliuzwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, kwa wageni waliokuwa wakija kununua mboga na mikate. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda na Kasper Tedo, ndio waliobaki na mtindo huo, ukaendelea kurithishwa kwa watoto, wapwa na majirani, hadi ushirika ukasajiliwa mwaka 1990, na mpaka leo wachoraji wake wako pale pale Oyster Bay.

Kwa hiyo tembo wa dukani kwenu ni kitukuu wa jambo la kweli. Kosa lake si kwamba anauzwa, bali kwamba mchoraji wake hakumtazama tembo wala hakuitazama picha, alitazama oda. Kuna njia ya kumtambua. Ichukue picha mkononi na uigeuze kuelekea mlangoni ili mwanga uipige kwa ubavu. Rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya makopo, huwekwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hungojewa likauke. Mchoraji mvumilivu hutandaza kwanza rangi ya nyuma, mara nyingi rangi mbili zinazoyeyukiana zikiwa bado mbichi, kisha huiacha, kisha huchora umbo, huliacha tena, ndipo anapoweka madoa na nukta za mwisho, ambazo ukizipitishia kidole utazihisi zimesimama kama mbegu za ufuta juu ya mkate wa kumimina. Mwenye haraka huweka nukta kabla ya tabaka la chini kukauka, nazo huzama na kutoa ukungu pembeni. Tazama pia ukingo wa mguu wa mnyama unapokutana na ardhi. Hapo ndipo mkono uliochoka hujifichua, kwa kuwa mteja haangalii miguu, na mchoraji anajua kwamba haangalii.

Muulize pia muuzaji picha imechorwa na nani. Akikujibu kwamba ni ya Tingatinga mwenyewe, cheka naye kidogo kisha uondoke, maana picha za Edward Saidi ni chache mno, zimekwisha kuingia katika makusanyo ya watu na makumbusho, na zinazoghushiwa ni nyingi kuliko alizochora. Akikutajia jina la mchoraji aliye hai, akaongeza kwamba yuko Mkunazini au Oyster Bay na anaweza kukupeleka kwake, basi hapo umekwisha kumpata mtu wa kuandika katika daftari. Ndani ya ushirika na nje yake wapo wanaochora kliniki, magereji, misiba, foleni za benki na vikao vya waganga kwa rangi zile zile za makopo, na picha za namna hiyo hukaa chini ya rundo kwa sababu watalii huuliza twiga. Mwambie mgeni wako ainue rundo.

Habari yako, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ninakaa Ongata Rongai na hupanda matatu kila siku kwenda Nairobi mjini. Michoro ya kuta na ya nganya, yaani matatu zilizopambwa, ndiyo sanaa ninayoiona zaidi, lakini siwajui wanaoichora. Nitawajuaje? Na je, hiyo ni sanaa sawa na ile ya galeri?

Njema sana. Nianze na swali la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi: mkono mzuri ni mkono mzuri, uwe umeshika brashi au kopo la kupulizia. Tofauti iliyopo ni ya umri. Picha ya galeri hutengenezwa ili idumu, ilhali ya ukutani hungoja kupakwa rangi ya tangazo la simu, na ya nganya huishi hadi mwenye gari aamue kubadilisha sura yake ili abiria wasilizoee.

Kuhusu majina, ukuta wenyewe husema ukijua pa kutazama. Shuka macho hadi pembe ya chini, mara nyingi ya kulia, utafute saini iliyopindwapindwa ambayo huko Dar es Salaam vijana huiita chata, na ndiyo asili ya jina la Wachata, kundi la wachoraji wa grafiti wa huko. Saini hiyo mara nyingi ndiyo jina la akaunti ya mchoraji mtandaoni. Nairobi utakutana mara kwa mara na majina ya Bankslave, Swift9 na WiseTwo. Huyu wa mwisho utamtambua kwa nyuso zake zinazofanana na vinyago, zilizojaa alama na mistari ya rangi kali. Wenzao walishiriki mwaka 2012 katika ile michoro ya katikati ya jiji iliyowaonyesha wanasiasa kama tumbusi, kazi iliyoongozwa na mwanaharakati Boniface Mwangi, na kabla ya uchaguzi wa 2013 wachoraji wa grafiti walipaka ujumbe wa amani kwenye mabehewa ya treni ya abiria inayopita Kibera, njia ile ile ambayo reli yake iling'olewa wakati wa machafuko ya 2007 na 2008. Nataja treni hiyo kwa sababu naiona ni mojawapo ya maonyesho makubwa zaidi kuwahi kufanyika Nairobi, yaliyojipeleka yenyewe kwa watazamaji asubuhi na jioni bila kumtoza mtu hata shilingi.

Matatu ni shule nyingine. Kanuni za usafiri za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, za mwaka 2004 zilileta ukanda wa njano na kuyafanya magari yafanane kama sare za wanafunzi, na ilichukua takriban miaka 10 kabla Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, hajasema michoro iachwe irudi. Wewe unayepanda njia ya Rongai una bahati, kwa kuwa njia hiyo inajulikana kwa nganya zake. Badala ya kutazama uso wa mwanamuziki uliochorwa ubavuni, ambao hata hivyo umenakiliwa kutoka picha ya simu, tazama jinsi mchoraji alivyovuka mahali pagumu: kifuniko cha tangi, mfereji wa mlango unaoteleza, vichwa vya misumari. Wapo wanaochora kana kwamba hivyo vitu havipo, na sura ya mtu hukatika mlango unapofunguka. Wapo wanaovipangia, mlango ukafunguka na picha nyingine ikatokea. Muulize kondakta gari lilichorwa wapi. Atakujibu kwa fahari, na gereji hiyo ndiyo galeri yako. Piga picha na uandike tarehe na mahali, kwa sababu baada ya miezi michache huenda wewe ndiye utakayebaki na ushahidi kwamba mchoro huo uliwahi kuwapo.

Siku ukiwa na nauli ya kuvuka jiji, nenda Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi ambaye huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda, akiacha matundu na mishono yake ionekane. Mwaka 2022 taasisi hiyo ilionyesha kazi za miaka mingi za Sane Wadu, aliyekuwa mwalimu wa shule akaacha kazi ili achore. Watu wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu. Vijana wa makopo ya kupulizia wangemwelewa vizuri sana.

Jambo, Mwalimu. Naandika kutoka Lubumbashi. Nyumbani kwa marehemu baba kulikuwa na tablo ya mamba muntu sebuleni, na nyingine ya Colonie belge. Watoto wangu wanasema ni picha za kizamani. Je, kuna mahali katika mji wetu pa kuona kazi mpya, na hizo za baba nizitupe?

Jambo, ndugu yangu. Usitupe. Ile ya nguva aliyekaa majini na ile ya mfungwa anayechapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji zilikuwa sehemu ya uchoraji ulioenea Katanga katika miaka ya 1970, uliochorwa na Wakongo kwa ajili ya sebule za Wakongo, jambo ambalo galeri nyingi za mwambao haziwezi kujivunia. Wenyewe waliziita ukumbusho. Mchoraji wake mashuhuri zaidi ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na ambaye mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi katika picha takriban 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha kwenu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Igeuze tablo ya baba uone kama nyuma yake kuna maandishi ya kiwanda cha unga, na utazame saini kabla hujafanya lolote.

Kuhusu kazi mpya, mji wako una jambo ambalo miji mikubwa zaidi inalikosa: tamasha la sanaa la kila baada ya miaka miwili, lililoanza mwaka 2008 chini ya kikundi kiitwacho Picha, ambacho mmoja wa waanzilishi wake ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Baloji huchukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na wafungwa na kuzipachika juu ya picha za leo za magofu ya migodi hiyo hiyo. Wapeleke watoto wakaone, kisha mrudi nyumbani mtazame tena Colonie belge ya babu yao.

Mwalimu, je, inaruhusiwa kupiga picha ndani ya galeri? (Msomaji wa Arusha)

Mara nyingi ndiyo, bila taa ya flashi, ila uliza kwanza. Na ukiiweka mtandaoni, andika jina la mchoraji. Picha isiyo na jina haimsaidii yeye wala anayekufuata wewe.

Salaam, Mwalimu. Tunaishi Birmingham, Uingereza, na watoto wetu hupelekwa makumbusho na shule zao kila muhula. Je, kuna wachoraji wenye asili ya kwetu tunaoweza kuwaonyesha huku huku?

Wapo, na wawili kati yao walizaliwa mwaka mmoja, 1954. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya kisasa ya Uingereza. Ukikutana na kazi zake zilizotengenezwa kwa umbo la kanga, na maneno yake chini kama jina la kanga, wape watoto kazi ya kutafuta pindo na mji. Watakuwa wanajua jambo ambalo mwalimu wao pengine halijui. Mwingine ni Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, anayeishi Edinburgh, ambako mwaka 2024 jumba la taifa la sanaa ya kisasa lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake za miongo minne. Mwaka huo huo Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikiwa na banda lake, katika maonyesho ya kimataifa ya Venice. Ninyi mlio karibu na Italia kwa nauli ya ndege ya bei nafuu, safu hii inawaonea wivu.

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi umeme, Mwanza. Nimeweka akiba ya shilingi laki mbili na nataka ninunue picha yangu ya kwanza kutoka kwa mchoraji aliye hai. Jirani ananicheka. Je, fedha hiyo inatosha, na niangalie nini?

Marahaba, fundi. Inatosha kwa mwanzo, usipotafuta turubai kubwa. Tafuta mchoro wa penseli au wino kwenye karatasi, au chapa, yaani picha iliyochongwa katika ubao au linoleamu kisha ikapigwa nakala chache zenye namba. Namba 3/20 maana yake ni nakala ya tatu kati ya ishirini. Wachoraji wengi pia hukubali kulipwa kwa awamu, nawe ukubaliane nao kwa maandishi. Ukinunua kupitia galeri, elewa kwamba sehemu ya bei, pengine karibu nusu, hubaki galeri kwa ajili ya kodi, taa, usafirishaji na kazi ya kumtangaza msanii, kwa hiyo si uungwana kuiona picha hapo kisha ukamzunguka mwenye galeri na kumwendea mchoraji nyumbani usiku ukitaka punguzo. Omba karatasi yenye jina la picha, mwaka, vipimo, aina ya rangi na saini ya mchoraji.

Usinunue siku ile ile. Nenda, ulale, urudi. Ukikuta bado unaikumbuka sehemu fulani yake, tuseme mkono wa mtu au rangi ya mlango, inunue.

Ukishaifikisha nyumbani, usiitundike mbele ya dirisha la magharibi wala kwenye ukuta unaopakana na bafu, na ninyi mlio kando ya ziwa jihadharini zaidi na unyevu. Mimi picha yangu ya kwanza, mitumbwi miwili ufukweni, niliitundika ukuta wa bafu kwa kuwa ndio uliokuwa na msumari. Baada ya masika mbili anga lake lilikuwa limeota madoa ya ukungu wa kijivu kutoka pembe hadi katikati. Nilimpelekea mchoraji nikiwa nimeifunga kwa shuka, nikiona aibu kama mtu aliyemrudisha mtoto wa watu akiwa mgonjwa. Aliifungua, akacheka, akasema niiache. Alipoirudisha baada ya wiki tatu, madoa yalikuwa yamesafishwa isipokuwa matatu ambayo aliyapitia kwa brashi akayafanya mawingu, na ndiyo mawingu ambayo wageni wangu huyasifu mpaka leo.